Siti Aliyoichukua Mtani

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye benchi la kanisa kuanzia wimbo wa kuingia mpaka baraka, na nilipoinuka nilijua kwamba nilikuwa nimekaa. Mwenye afya ataona jambo hilo ni dogo. Mwenye ganzi kama niliyokuwa nayo mimi atanielewa, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Mimi ni katekista. Naishi Lulindi, kwao mke wangu, kwa kuwa huku kwetu mwanamume ndiye anayemfuata mke. Nilikozaliwa ni Newala, juu ya uwanda. Kazi yangu ni kuzungukia makanisa madogo saba yasiyo na padri wa kukaa: kufundisha wanaojiandaa kwa kipaimara, kuwasomea sala wagonjwa, kuongoza mazishi padri anapokwama njiani. Kila ziara naiandika kwenye daftari: siku, mahali, waliohudhuria, hali ya njia, na mwisho hali yangu. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeniagiza. Niliianza ujanani kwa sababu napenda kujua jambo lilianza lini. Ndiyo iliyokuja kunifumbua macho, ingawa ilichelewa.

Kwa miaka mingi nilipanda baiskeli nyeusi ya kawaida, nzito, yenye siti pana ya ngozi na springi mbili kwa nyuma. Lami ilipoanza kusogea upande wetu nikaona baiskeli ile ni ya kizee. Mnadani Masasi nilikuta moja ya resi, ya mtumba, bluu iliyochunika, matairi membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ukiipanda lazima uiname mpaka uone magoti yako. Siti yake ilikuwa nyembamba na ngumu, na pua yake ilielekea juu kidogo. Sikuigusa. Nilidhani ndivyo zinavyotengenezwa.

Safari ya Newala iliyokuwa ikinimalizia asubuhi nzima, sasa nilifika kabla jua halijawa kali. Hata mlima wa kuingilia uwandani niliupanda nikiwa nimekaa, bila kusimama juu ya pedeli hata mara moja. Waumini wakaniita Padri Resi. Nilikuwa nakataa kwa mdomo tu.

Nimelifungua daftari la mwaka ule niandike bila kukosea. Wakati wa kupalilia mikorosho niliandika: “Ganzi kidogo baada ya kushuka. Imeisha nilipotembea.” Mikorosho ilipoanza kutoa maua: “Ganzi. Imeisha jioni.” Watu walipokuwa wanapuliza salfa mashambani, na vumbi lake la njano likiwa limekaa juu ya kila jani: “Ganzi. Haijaisha.”

Ilianza pale hasa mtu anapokalia siti, ikasogea mbele, ikaenea sehemu zote za uanaume. Haikuuma. Ingeuma ningeishughulikia mapema. Ilikuwa kama sehemu ile ni ya mtu mwingine aliyeniazima na kusahau kuja kuichukua. Asubuhi moja nilijisaidia haja ndogo nyuma ya kanisa nikarudi ndani kufundisha, kumbe nimelowesha suruali, kwa sababu sikujua kama nilikuwa nimemaliza. Tangu siku hiyo nilitazama chini kila mara, kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Na kwa mke wangu mwili ulikataa. Nalisema wazi hivyo kwa sababu kulizunguka ndiko kulikoniponza.

Jandoni tulifundishwa kwamba mwanamume hana ugonjwa wa huko mbele ya mwanamke. Ya huko yanasemwa kati ya wanaume waliopita jandoni, kwa maneno ya jandoni, au hayasemwi. Mzee aliyetufunda alisema tukibanwa sana tuseme mgongo. Tulikuwa watoto, tukalishika kama tulivyoshika mengine yote, na nimewasikia wenzangu wengi wa rika langu wakilitumia mpaka leo.

Zahanati yetu muuguzi ni Mama Grace, anayesimama mbele ya kwaya ninapohubiri. Nilikwenda siku ya kliniki ya watoto. Barazani mzani ulikuwa umening'inizwa kwenye boriti, watoto wanawekwa ndani ya kaptula yake mmoja mmoja, wanalia, wanaandikwa, wanatolewa. Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Mmoja akasogea kunipisha, nikamwambia akae tu, mimi nitasimama. Nilisimama tangu saa mbili mpaka saa sita. Wakanisifu kwa adabu. Ukweli ni kwamba nikikaa nilikuwa siwezi kujua nimekaa vipi, na niliogopa kuinuka nikiwa nimelowa mbele yao.

Nilipoingia, Mama Grace aliuliza, “Katekista, tatizo nini?”

“Mgongo,” nikamwambia.

Alinishika uti wa mgongo pingili kwa pingili, kuanzia juu, akiuliza hapa, au hapa. Nikachagua pingili moja. Hiyo ndiyo iliyotibiwa. Nilipewa vidonge, nikarudi nikachomwa sindano tatu, nikarudi tena nikaandikiwa mkanda wa kiunoni, nikauvaa mpaka ukanichubua. Aliyekuwa akitibu alitibu vizuri alichoambiwa. Mganga wa kienyeji mmoja wa njia ya Nanganga naye nilimwambia mgongo, kwa kuwa mke wake ndiye aliyekuwa akiponda dawa. Akanichanja kiunoni, akapaka majivu.

Mke wangu, Mama Tumaini, aliposikia mgongo alinihurumia. Kwa wiki nzima aliokota sufi, akazichambua mbegu, akashona mto mdogo wa kitenge wenye kamba nne, akaufunga mwenyewe juu ya siti ya baiskeli. Alifunga mafundo madogo yenye kukaza, kama anavyofunga mtoto mgongoni. Mto ule ulikuwa laini sana. Nikiukalia nilizama, na nilipozama, pua ya siti ilinipata katikati zaidi kuliko mwanzo. Ganzi iliyokuwa ikichukua saa mbili kuja ikawa inakuja kabla sijaimaliza barabara ya kwetu. Nami kila nilipomwona akinitazama nikiondoka, nilimwambia mto unanisaidia.

Korosho zilianza kuanguka. Ni wakati wa kazi, watu wameinama tangu alfajiri, lakini pia ni wakati wa maneno, kwa sababu wanawake huokota pamoja. Tumaini alikuwa ametimiza miaka mitano na hakuwa na mdogo wake. Dada zake mke wangu wakawa wanamuuliza, mbele yake na mbele yangu, kama Padri Resi ana haraka njiani tu. Yeye alicheka nao siku za mwanzo. Baadaye akawa anakwenda kuokota upande wa pili wa shamba, peke yake.

Siku moja tukianika korosho uwanjani alisema bila kuniangalia, “Baba Tumaini, kama Newala kuna mtu, niambie nijue moja.”

Nikamwambia hakuna mtu. Akauliza basi kuna nini. Nikamwambia mgongo. Akaendelea kuzigeuza korosho kwa mkono, taratibu, upande hadi upande, na hatukulizungumza tena.

Mvua za kwanza zilikuja na habari kwamba mama yangu amefariki. Nilipanda kwenda Newala siku hiyo hiyo, lami imelowa, mto wa sufi umejaa maji chini yangu. Nilipofika niliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko, nikaingia ndani kwa wafiwa.

Hapa lazima nimweleze Somoe. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Alikuwa Mwislamu, mwanamke wa makamo ya mama yangu, mwembamba, mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani. Kazi ya mtani msibani kwetu inajulikana: anamwigiza marehemu, anawatukana wafiwa, hakuna wa kumkasirikia, na ana haki ya kuchukua kitu chochote cha mfiwa mpaka kikombolewe. Somoe alivaa kanga ya mama yangu, akajikongoja kama mama alivyokuwa akijikongoja, akatugombeza wanawe kwa sauti yake ile ile. Watu walicheka wakilia. Nami nilicheka, na ndipo machozi yakanitoka kwa mara ya kwanza.

Kisha akatoka uani. Tukasikia vyuma vinagongana. Aliporudi alikuwa ameishika siti ya baiskeli yangu mkononi, mto wa sufi unachuruzika, na spana ameiweka kinywani kama mswaki. Aliutupa mto, akaiinua siti ile nyembamba watu wote waione.

“Jamani, huyu anajiita mtu wa Mungu,” alisema. “Kumbe anatembea amekalia mchi.”

Akaipitisha katikati ya miguu yake, akazunguka uwanja amepanua magoti, akikunja uso kama mimi ninavyoukunja nikihubiri. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mimi nilitazama chini. Nilifikiri ameniumbua. Haikunijia kabisa kwamba alikuwa ameniambia ugonjwa wangu.

Siti akaondoka nayo. Kwa desturi ningeikomboa hata kesho yake, lakini wakubwa zangu walitaka nibaki mpaka arobaini, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Nilibaki. Baiskeli ilisimama ukutani na bomba lake tupu, nami siku zote hizo nilikwenda kwa miguu: makaburini, kisimani bondeni, kwa ndugu mmoja baada ya mwingine. Daftari niliendelea nalo kwa mazoea. Siku ya kumi na moja: “Najua nimemaliza kukojoa bila kutazama.” Siku ya ishirini na mbili: “Kuchomachoma kama sisimizi, upande wa kulia.” Siku ya thelathini na nane, nikioga maji ya mvua nyuma ya nyumba: “Nimehisi baridi.”

Niliweka ndoo chini nikasimama pale uchi mvua ikininyeshea. Nilisema mama ameniombea. Ndilo jibu nililojipa, nikaliandika, nikapiga mstari chini yake.

Arobaini ilipokwisha nilimpelekea Somoe jogoo, naye akanirudishia siti. Nikaifunga barabara, nikateremka nayo Lulindi kwa furaha. Wiki mbili zilizofuata sitazieleza. Nitasema tu kwamba asubuhi moja nilimsikia Mama Tumaini akiimba jikoni, na kwamba nilirudi kwenye ziara zangu zote saba kwa nguvu, nikiamini nimepona.

Wiki ya tatu mwili ulikataa tena. Ya tano nilikuwa natazama chini kama zamani. Na safari hii upande wa kushoto haukuwa na ganzi tena, haukuwa na kitu. Niliubana kwa kucha nikaona alama, sikuona maumivu.

Masika yalikuwa yanaelekea mwisho Mjomba Ezekieli aliponiita. Ni mjomba wa mke wangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye mamlaka juu ya watoto wa dada yake na juu ya ndoa zao. Amezeeka akisomba korosho kwa baiskeli kupeleka ghalani, gunia nyuma ya siti, na ana ndevu nyeupe anazozishika akifikiri. Alikuwa na wazee wawili barazani kwake. Alinikaribisha, nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za makanisa yangu. Kisha akasema kwa upole jambo alilokuwa ameniitia.

“Jogoo haletwi uwanjani kuwika tu, mkwe. Sisi tuna macho.”

Nilimwambia naumwa mgongo. Wale wazee wakatazamana. Mjomba Ezekieli alizishika ndevu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akatoa uamuzi na kuutajia siku: korosho zijazo zikianguka hali ikiwa hii hii, mkeka wangu utakunjwa, nirudi Newala, na binti yao atafutiwa mwenye mgongo mzima. Nilimshukuru, kama inavyopasa, nikaondoka. Wakati ule mikorosho ilikuwa haijatoa hata ua. Nilihesabu miezi njiani, nikaona ni michache.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali ya mbali na kwetu, ambako hakuna anayenijua. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, ukiinuka wewe jirani yako anatikisika. Televisheni ilikuwa inaonyesha bila sauti. Mzee mmoja alikuwa ameshika bahasha ya picha ya eksirei kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto anayeshika cheti. Mama mmoja alikuwa akimnong'oneza mwanawe amwambie daktari ni tumbo. Nikamsikia, nikajua anafanya nini, maana ndilo nililokuja kulifanya.

Nilikuwa nimechukua daftari ili nimsomee tabibu siku za sindano. Nilianza kulipitia tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma habari za mwingine. Ganzi, Newala. Ganzi, Nanganga. Ganzi, Lukuledi nilikokwenda kwa mazishi. Kisha kurasa za arobaini, zisizo na safari. Sisimizi. Maji. Baridi. Kisha safari, na ganzi tena. Katika mwaka mzima kulikuwa na siku arobaini tu ambazo mwili wangu ulikuwa unarudi, na katika siku hizo hizo siti yangu ilikuwa nyumbani kwa Somoe.

Nilikumbuka uwanja ulivyocheka. Mchi. Watu wote walikuwa wameona kabla yangu.

Tabibu alikuwa mwanamke, kijana, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Faili langu la zahanati, nililokwenda nalo, lilikuwa mbele yake.

“Baba, naona ni mgongo wa siku nyingi.”

Alisubiri. Niliona chokaa ya ukutani imebanduka umbo la jani la muhogo, nikavihesabu vidole vyake. Kisha nikasema, “Sina mgongo. Niliwadanganya.” Nikamtajia sehemu kwa jina lake, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mwanamke, na paa halikuanguka.

Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: napanda nini, kwa muda gani, siti ikoje, pua yake inatazama wapi. Alinipima mkojo na sukari, akanipima kwa pamba na kwa ncha ya kijiti, nami niseme nahisi au sihisi. Kulia nilisema nahisi kidogo. Kushoto nilinyamaza mpaka akaacha. Aliniambia nimekuwa nikizikalia neva na mishipa ya damu kwa mwaka mzima. Dawa ya kwanza ni kushuka. Siyo kupunguza, kushuka kabisa. Nilimuuliza kama itarudi.

“Nyingine itarudi. Nyingine labda isirudi,” alisema. “Ungekuja ganzi ya kwanza ilipochelewa kuisha, ningekujibu vizuri zaidi.”

Sijawahi kumchukia kwa jibu hilo.

Nyumbani nilimkuta Mama Tumaini anapepeta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Ungo ulisimama mikononi mwake. Alipozungumza hakupandisha sauti.

“Mimi nimekuzalia mtoto. Ni wapi kwako nisikokujua, hata ukakuita mgongo?”

Alikwenda nyuma ya mlango, akautoa mto wa kitenge niliokuwa nimeurudisha kutoka msibani, akaufumua mshono kwa meno, akamwaga sufi uani. Upepo ukazichukua. Zilikaa kwenye majani ya mihogo siku nyingi, mpaka watu wakauliza. Hakunisemesha kwa muda wa wiki moja na zaidi, ila kunikaribisha chakula. Nilistahili. Ugonjwa ulinichukulia upande mmoja wa mwili, lakini uongo ulichukua mwaka wa mke wangu, na mwaka huo haurudi kwa kupumzika.

Mjomba Ezekieli alipelekewa maelezo, naye akayakataa. Alijibu kwamba wanaume wamepanda baiskeli tangu enzi za wazee na watoto wamezaliwa. Siku iliyowekwa ilibaki pale pale.

Nilikuwa nakwenda kwa miguu. Makanisa matatu ya mbali akapewa mwenzangu, na kuna kikongwe katika mojawapo niliyekuwa nikimsomea sala kila mwezi ambaye alikufa akiniulizia. Baiskeli ya resi nikaiuza bila siti. Siti niliipeleka Newala mwenyewe.

“Shikamoo mtani,” nilimwambia Somoe.

“Shikamoo ya nini, na wewe ni mume wangu usiyefaa.”

Nikamwambia nimemrudishia haki yake, sitaikomboa tena. Nikamweleza na sababu, yote. Alinisikiliza bila mzaha mpaka mwisho, jambo lililonitisha kuliko matusi yake. Kisha akaigeuzageuza siti, akasema, “Sawa. Lakini jogoo nimeshamla, usije ukamdai.” Akaiweka mlangoni iwe inazuia mlango usijifunge na upepo.

Mwili ulirudi kwa mwendo wa konokono. Mikorosho ilitoa maua, nikawa siangalii tena chini. Salfa ikapulizwa, upande wa kulia ukawa wangu. Kuna siku mwili ulikubali, na kuna siku nyingi zaidi ulikataa. Kila asubuhi Mama Tumaini aliniuliza, “Leo?” nami nikamjibu kweli: kulia, au kidogo, au hakuna. Kushoto sikuwahi kukutaja. Ni gogo mpaka ninapoandika haya.

Baada ya miezi mitano tabibu aliniruhusu safari fupi. Nilirudia baiskeli yangu nyeusi. Fundi mmoja wa Masasi aliniwekea siti pana, akaishusha mpaka miguu ikawa inafika chini bila kujinyonga, na pua akailaza, haitazami juu. Juu yake sifungi kitu chochote laini. Kila ninapopita nguzo ya kumi ya umeme nasimama juu ya pedeli mpaka nguzo inayofuata. Nikianza kuhisi sisimizi nashuka nasukuma, hata kama watu wananisubiri kanisani. Haya ndiyo ninayoyajua. Zaidi ya haya muulize tabibu, na umwambie ni wapi hasa.

Korosho zikaanguka. Siku ya Mjomba Ezekieli ilikuwa imebakiza siku nne tulipopata habari kwamba Somoe amefariki.

Tulikwenda Newala, mimi na mke wangu, na Mjomba Ezekieli naye akaja kwa heshima ya ukwe. Walipotoka kumzika, wanawe walinitazama. Mtani nilikuwa mimi. Mlangoni pake siti yangu ilikuwa pale pale, imeshikilia mlango.

Nilivaa kanga yake. Nilipaza sauti ile ya kufukuza ndege, nikawagombeza wanawe, wakacheka, wakalia. Lakini huwezi kumwigiza Somoe bila lile alilojulikana nalo kuliko yote uwandani, na hilo lilikuwa kuniigiza mimi. Niliiokota siti. Niliipitisha katikati ya miguu yangu, nikazunguka uwanja kama alivyozunguka, nikasema kwa sauti yake: huyu anajiita mtu wa Mungu, kumbe amekalia mchi, mwili wake wote wa mbele umelala, kushoto umekufa kabisa, naye anamdanganya mke wake kwamba ni mgongo. Nilikitaja kila kitu. Wanaume walikuwa upande mmoja, wanawake upande mwingine, wote walisikia. Kicheko kilikuwa kikubwa. Katikati ya kanga za wanawake nilimwona Mama Tumaini ameficha uso viganjani, mabega yanatikisika, nikaogopa. Kisha akainua uso. Alikuwa anacheka, kama alivyokuwa akicheka kabla sijanunua baiskeli ile. Mjomba Ezekieli peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ndevu.

Kabla ya machweo wanaume watatu walikuwa wamenifuata mmoja mmoja, kila mmoja akidai anamuulizia rafiki yake. Ndiyo sababu naandika.

Siku ya nne tulimsubiri Mjomba Ezekieli na wazee wake. Mama Tumaini alikuwa amefagia uwanja tangu asubuhi, na mkeka wangu ulikuwa umetandikwa barazani, wazi, wa kukunja aukunje. Alikuja peke yake, kwa miguu, anaisukuma baiskeli yake. Aliiegemeza, akaitikia salamu, akauliza habari za makanisa. Kisha akaniuliza yule tabibu anapatikana siku gani.

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa.

“Miaka sita,” alisema. “Nami nimewaambia hivyo hivyo, mgongo.”

Mama Tumaini alikuwa anasikia. Aliusogeza mkeka wangu kivulini, akaufuta kwa kiganja, akamkaribisha mjomba wake akae.

Akamshukuru, akasema atasimama tu.